Mita 60 Kutoka Wapi?

Dereva wa tipa ndiye aliyemleta. Alisimamisha gari kwenye lami ya Dodoma kwenda Arusha, akashuka na kumwokota kobe aliyekuwa akivuka, akamtia kwenye ndoo ya oili chafu na kuja naye bandani tunakonywea chai. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha ikakatika alfajiri. Vitumbua vilikuwa bado vya moto.

Alipomtoa kwenye ndoo, harufu ikatuondoa benchini. Kobe huyu akishikwa hutoa uvundo kwenye tezi zake, kama tope lililochacha likachanganyika na mzoga. Gamba lilikuwa bapa, rangi ya udongo wa bondeni, kubwa kuliko kiganja changu kwa vidole vitatu. Kidevuni alikuwa na vinyama viwili vinavyoning'inia kama ndevu za mbuzi. Na kichwa hakukivuta ndani moja kwa moja kama kobe wa porini. Alikunja shingo pembeni, akakilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba, jicho moja likabaki linatuangalia.

Tulikuwa sita. Mzee, mfugaji, ambaye ng'ombe wake hunywa kwenye mbuga, bonde linalojaa maji masika na kukauka kiangazi, ng'ambo ya lami. Mwalimu wa biolojia, mtu wa Pangani aliyehamia huku Makutupora kikazi. Mama mwenye shamba la zabibu. Fundi, mstaafu wa visima. Dereva, ambaye chai yake ilipoa akiongea. Na mimi. Majina siyaandiki, na maneno yao nimeyashona kutoka asubuhi nyingi, si moja.

MWALIMU: Kwanza tusimwite kobe.

MZEE: Wewe umekuja na basi, umemkuta anaitwa kobe.

MWALIMU: Heshima yako iko palepale, Mzee. Lakini kwetu pwani, anayetembea nchi kavu kwa miguu ya magogo ni kobe, na mwenye makasia baharini ni kasa. Huyu ana kucha, tena ana ngozi katikati ya vidole. Si huyu, si yule.

MAMA: Sisi tunasema kobe maji, basi.

MWALIMU: Hilo ni jina la kuazima, mama. Lugha yetu imempa jina wa nchi kavu, ikampa wa baharini, huyu wa madimbwi ikamwacha mlangoni.

DEREVA: Wazungu je, wanamwitaje?

MWALIMU: Hapo ndipo penye kuchekesha. Mwaka 2014 watafiti kadhaa, akiwemo Uwe Fritz wa makumbusho ya Senckenberg kule Dresden, Ujerumani, walichapisha kazi juu ya kobe hawa wa Afrika. Wakakuta mmoja wa Tanzania hana jina kwenye vitabu. Wakambatiza Pelomedusa kobe. Neno la pili wamelichukua kwenye Kiswahili.

MZEE: Si nilisema?

Mwalimu alicheka pamoja nasi. Ila alikuwa hajamaliza, na alichokuwa akikitafuta ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

MWALIMU: Sikilizeni kwa nini jambo hili ni kubwa. Kabla ya hapo vitabu viliandika kwamba kobe huyu ni mmoja tu, ameenea karibu Afrika yote kusini ya Sahara, akavuka mpaka Madagaska na Yemen. Mnyama wa namna hiyo nani atahangaika naye? Ukisema amepungua Dodoma, wanakujibu yupo Ghana. Walipopima vinasaba wakakuta wapo kumi, au zaidi. Kwa hiyo bara lile kubwa limegawanywa mafungu. Ukimpoteza wa hapa, wa Ghana hakufidii kitu.

MZEE: Na huyu wa ndooni ni yupi katika hao kumi?

MWALIMU: Kwa jicho tu siapi. Wanafanana mno.

MZEE: Basi unamtetea mtu usiyemjua jina.

MWALIMU: Ndiyo, Mzee. Kama vile unavyomtetea mtoto wa jirani anapopigwa barabarani.

DEREVA: Mimi nataka kujua kimoja. Huyu yuko hatarini, hayuko? Maana mwaka juzi walikuja watu na fulana zimeandikwa, wakasema kobe wa Dodoma anakwisha.

MWALIMU: Hao walikuwa wanamsema mwingine, kobe chapati. Yule wa mawe.

Nitoke kidogo nje ya mazungumzo, kwa sababu watu wengi huwachanganya wawili hawa. Kobe chapati ni wa nchi kavu kabisa. Ni bapa kiasi cha kuingia kwenye ufa wa mwamba ambao mkono wako hauingii, gamba lake ni jembamba na laini, na mara nyingi hutaga yai moja tu kwa mkupuo. Makao yake ni vilima vya mawe vya Tanzania na Kenya, vikiwemo vya nyanda hizi za kati; baadaye aligunduliwa pia kaskazini mwa Zambia. Umbo hilo la ajabu ndilo lililomponza. Wafugaji wa wanyama wa kigeni Ulaya, Marekani na Asia walimtaka, na wakusanyaji wakawa wanapasua nyufa kwa mitaimbo kumtoa. Mwaka 2019 aliwekwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari kabla ya kutoweka, na mwaka huohuo, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Geneva, biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikafungwa. Tanzania yenyewe ilikuwa imekwisha kuzuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje tangu 2016. Juni 2022 lilipotoka tangazo la kulegeza zuio hilo, watu wakapiga kelele, likasitishwa ndani ya siku chache.

Yule ana mkataba, ana fulana, ana wanaompigia kelele. Huyu wa ndooni hana hata kimoja, na sababu haiko mbali: wanaomtaka ni wachache. Ananuka, hapendezi, hafai kuwekwa sebuleni. Wengi wetu tunadhani mnyama huwa hatarini pale tu anapowindwa.

FUNDI: Hata huo mkataba wa kobe chapati, mimi nauheshimu, lakini unazuia sanduku lisipande ndege. Hauzuii nyundo. Jiwe la ufa wake likigeuka kokoto, atakaa wapi?

DEREVA: Unanitazama mimi, Fundi?

FUNDI: Natazama tipa.

DEREVA: Kokoto si biashara yangu. Mimi ni mchanga na kifusi.

Kicheko. Mama akaongeza chai. Hakuna aliyesema mchanga ni bora kuliko kokoto.

MZEE: Mimi niseme nilichokiona kwa macho yangu, mtanisahihisha kwa vitabu. Masika yakiingia, hawa wanatoka ardhini. Wanatembea. Wanaingia kwenye mbuga, wanakula viluwiluwi, wadudu, hata ndama akifa majini wanamla. Maji yakikauka, wanajifukia kwenye tope. Tope likikauka, juu yake ng'ombe wanapita, watoto wanacheza mpira, wao wako chini. Miezi sita, saba. Sasa mnyama wa namna hiyo mtamlinda na nini? Mungu amekwisha kumlinda.

MWALIMU: Utotoni ulikuwa ukiwaona wangapi?

Mzee hakutaja idadi. Alinyoosha mikono yote miwili, akaonyesha ukingo wa mbuga kutoka mti huu hadi ule. Halafu akaishusha. Nilimwangalia Mwalimu nikidhani atalikamata hilo kama ushahidi. Alinyamaza, na nadhani alifanya vyema.

FUNDI: Maneno ya Mzee kuhusu kukaa chini yamenikumbusha visima. Mnajua maji ya mji wa Dodoma mengi yanatoka hapa chini ya miguu yetu. Kina chake tumekuwa tukikipima tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Profesa Richard Taylor wa London na wenzake, wakiwemo wataalamu wetu wa Wizara ya Maji, walichapisha rekodi ya miaka 55 ya visima vya Makutupora. Walikuta nini? Maji ya chini hayaongezeki kila masika. Miaka mingi yanashuka tu, yanashuka, halafu inakuja mvua ya kuzidi kiasi, ya El Nino kama ile ya 1997 na 1998, na kisima kinapanda kwa kishindo. Msimu mmoja unalisha miaka kumi.

MAMA: Ile mvua iliyong'oa mizabibu.

FUNDI: Hiyohiyo. Wewe ulilia, kisima kikacheka. Na maji hayo hayaingii ardhini popote. Sehemu kubwa huingia kwenye makorongo yenye mchanga, pale mafuriko yanapotulia. Ukizoa mchanga wote, ukajaza kifusi kwenye mbuga, El Nino ijayo itapita juu kama kwenye sakafu hadi bwawa la Hombolo, na sisi tutabaki na bili.

DEREVA: Fundi, leo umeamka na mimi.

FUNDI: Sijaamka na wewe. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wote hao wanakunywa, na wote wanajenga. Mchanga wa nyumba zao na maji ya mabomba yao vinatoka kwenye korongo moja.

Hoja ya Fundi ni nzuri, lakini nina wasiwasi nayo. Mara nyingi mtu akitaka kumtetea mnyama asiye na mvuto humbebesha faida: linda kobe upate maji. Je, siku serikali ikileta maji kutoka bwawa la mbali, au kutoka Ziwa Victoria kama inavyozungumzwa, kobe atakuwa amepoteza wakili wake? Nilimuuliza Fundi. Alisema hiyo siku nimwamshe. Mwalimu ndiye aliyejibu kwa uzito.

MWALIMU: Mimi sihitaji kobe anipe maji. Alikuwa hapa kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, kabla ya neno Dodoma. Hiyo inatosha.

MZEE: Inakutosha wewe, mwenye mshahara.

Hapo pakawa kimya.

MZEE: Nisikilizeni. Tumeomba lambo miaka mingi. Mbuga ile ikichimbwa, ikapanuliwa, ikashika maji hadi Oktoba, ng'ombe hawatatembea kutwa kutafuta maji. Na kobe wenu watapata maji mwaka mzima. Hasara iko wapi?

MWALIMU: Hasara ipo, Mzee, na si ndogo. Kobe huyu anapenda maji yanayokuja na kuondoka. Maji yakikaa mwaka mzima, wanakuja wenye nguvu kumzidi, wanaomla yeye na makinda yake na wanaogombea chakula chake. Ukame ndio uzio wake. Wewe unaona kiangazi ni adui, kwake ni mlinzi wa geti.

MZEE: Kwa hiyo ng'ombe wangu wafe ili kobe apate tope?

MWALIMU: Sijasema hivyo.

MZEE: Umesema kwa Kiswahili kirefu.

Mzee alikuwa na haki ya kukasirika, na siandiki hivi kwa adabu tu. Mvua ya huku, mwaka wa kawaida, haizidi sana milimita 600, zote katika msimu mmoja. Mtu anayeweza kufungua bomba hafai kumwambia mwenye mifugo kwamba ukame ni neema. Lakini Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa njia, tena kwa sauti ya mtu anayelalamika, kiasi kwamba karibu tuikose.

MZEE: Si lazima wachimbe mbuga yenyewe. Sisi tulisema wachimbe upande wa juu, kwenye udongo mwekundu, mbuga iachwe ijae na kukauka kama kawaida. Walisema kuchimba ndani ya mbuga ni rahisi, shimo lipo tayari.

MAMA: Na mimi nina langu, msinifanye malaika. Zabibu bila dawa ni ubwiri mtupu. Nikimaliza kupuliza, bomba naosha pale mbugani. Nikaoshe wapi? Maji ya kununua dumu shilingi ngapi?

MWALIMU: Dawa gani, mama?

MAMA: Salfa, na nyingine za dukani. Kopo lina picha ya samaki aliyekatwa msalaba. Nimeiona picha. Kila nikiiona nasema, huku hakuna samaki.

Akamtazama kobe, kisha akamgeukia Mwalimu.

MAMA: Nitachimba shimo shambani, niwe naoshea huko. Lakini nisiwe peke yangu. Tuko wengi.

DEREVA: Si kuna sheria? Mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji usifanye kitu. Kila nikikamatwa naambiwa mita 60.

FUNDI: Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57.

MZEE: Mita 60 kutoka wapi?

FUNDI: Kutoka ukingoni.

MZEE: Ukingo wa lini? Mbuga ile, mwezi wa pili ukingo uko kwenye mbuyu. Mwezi wa nne umerudi hadi kwenye kichuguu. Mwezi wa tisa hakuna ukingo, hakuna maji, hakuna chanzo, kuna uwanja wa mpira. Sasa mpimaji akija mwezi wa tisa, ataanzia wapi kuvuta kamba?

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Tangu siku hiyo nimelirudia swali hilo mara nyingi, na kila nikilirudia naona ndilo mjadala mzima. Sheria yetu imeandikwa ikiuwaza mto, au ziwa, maji ambayo ukienda leo na ukienda Septemba yapo. Kobe huyu, na karibu kila chenye thamani katika nyanda hizi, vipo nusu mwaka tu. Wapimaji wa ardhi, kama walivyo watu wenye akili zao, hupenda kufanya kazi kiangazi, gari lisikwame. Kwenye ramani yao mbuga ni ardhi tambarare isiyo na mtu, karibu na lami, na barabara ya mzunguko inapita jirani. Nani asingeigawa viwanja?

Najua, kwa sababu kimoja ni changu.

Nilikinunua mwezi wa tisa. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande kama vigae, nikapita juu yake na viatu vya ofisini. Aliyeniuzia alisifu kwamba hakuna hata jiwe la kung'oa. Januari nilipokuja kukagua nilikuta bikoni mbili zimesimama kwenye maji, vyura wanapiga kelele. Sikufikiria chanzo cha maji. Nilifikiria nimetapeliwa, na suluhisho nililoliona ni moja tu: kupandisha kiwanja. Tripu kumi na mbili za kifusi. Dereva niliyempa kazi ndiye huyu aliyekuwa ameshika ndoo, na nne alikuwa amekwisha kumwaga.

MZEE: Kumbe ni wewe, mwanangu.

MIMI: Ni mimi, Mzee.

MZEE: Nilikuwa natafuta mwenye kile kiwanja nimwambie maji yatarudi. Yatapita pembeni, yataingia kwa jirani, halafu yatarudi.

MWALIMU: Na hao waliolala chini ya zile tripu nne?

Hakuna aliyemjibu. Kobe wengi huweza kuhimili mengi, lakini tani kadhaa za kifusi si tope. Kama walikuwepo. Huenda hawakuwepo. Nimejiambia hivyo mara kadhaa, kwa mkazo wa mtu anayetaka kuaminiwa na nafsi yake.

Kuna watakaosema natia chumvi, kwamba mnyama asiye kwenye orodha yoyote ya hatari hastahili kumzuia mtu kujenga choo na vyumba viwili. Mama mwenyewe alisema karibu hivyo, kwa upole: watu wananunua bondeni kwa sababu juu ni ghali, si kwa sababu wanachukia kobe. Nakubali. Ila bei ya bondeni ni nafuu kwa sababu kuna kitu hakijahesabiwa, na anayekuja kulipa tofauti ni mwenye nyumba, Januari, akichota maji sebuleni kwa sufuria. Mzee alipendekeza jambo ambalo halihitaji mkataba wala fulana: mpimaji aje mara mbili, kiangazi na masika, na mzee mmoja wa kijiji amwonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa El Nino. Fundi alisema alama hizo anazikumbuka, na nyingine ziko kwenye madaftari ya zamani. Mwalimu alisema atawapeleka wanafunzi wahesabu kobe kila asubuhi ya mvua pale kwenye lami, walio hai na waliopondwa, maana hesabu ya waliopondwa nayo ni hesabu. Sijui nani kati yao atafanya. Mwalimu, huenda.

Kobe alianza kukwaruza ndoo.

MAMA: Mrudisheni, mnamtesa.

MWALIMU: Upande aliokuwa akielekea. Ukimrudisha alikotoka atavuka tena. Alikuwa ameelekea wapi?

DEREVA: Kichwa kilikuwa huku.

Alionyesha kwa kidevu, magharibi ya lami, kupita kichuguu.

Tulikwenda watatu, Dereva, Mwalimu na mimi. Tulivuka, tukashuka tuta la barabara, tukapita kwenye maji ya vifundoni hadi karibu na bikoni yangu ya kaskazini. Mbele yetu yalikuwa malundo manne ya kifusi, mekundu, mvua imeyachimba mifereji. Dereva akainama, akainamisha ndoo. Kwa muda kobe hakusogea. Kisha shingo ikakunjuka, ndefu kuliko nilivyotarajia, akaingia majini, akapita kati ya lundo la pili na la tatu.

Dereva alinusa mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, harufu ikazidi.

"Bosi," akasema, "zile nane zilizobaki, nilete kesho au vipi?"